Ile Tatu Haifutwi

Yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Ile tatu bado iko ukutani. Nakuambia hilo kabla ya habari za watu, kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Mama hajambo, ingawa anakula kidogo. Mimi pia sijambo, ila ulimi wangu umezidi kuwa mkali, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinikanya na sasa hakuna wa kunikanya.

Tangu ulipoanguka na pikipiki kwenye njia ya Wamaza, watu walidhani chumba chako cha michezo ya video kitafungwa. Wengine walikuja kwenye kilio, na hata kabla ya kuketi mkekani walikuwa wakizitazama televisheni zako mbili. Mmoja aliniambia, tena kwa huruma, "Dada Mwamini, ile sale ya jeu, chumba hiki, si kazi ya mwanamuke. Uza tu." Kilio kilipokwisha nilimwita, nikampa maneti ya kuchezea mkononi, nikamfunga mabao manne kwenye mchezo wa mpira. Akaenda zake bila kuaga. Nikapanda juu ya bati, nikafuta vumbi kwenye paneli ya jua, nikafungua mlango kama kawaida.

Unakumbuka ulivyoanza kuandika kwenye ule ukuta? Ulichukua chaki, ukaandika jina la kila mchezo na pointi zake juu ya ishirini, kama shuleni. Nilikucheka sana. Nilikuuliza umekuwa mwalimu tangu lini. Wewe ukaweka na sheria kabisa: anayeshinda hapimi mchezo. Pointi zinatolewa na aliyeshindwa, kwa sababu mshindi anapenda kila kitu, hata mchezo mbovu kwake ni mtamu. Nikasema aliyeshindwa ana hasira, atatoa sifuri kila siku. Ndipo ukaleta kile kikombe cha plastiki cha buluu. "Kunywa maji kwanza," ulikuwa unawaambia, "halafu sema." Na baada ya pointi ulidai sababu, iwe yake mwenyewe, kitu alichokiona kwa macho yake akiwa anacheza. Asiyekuwa na sababu, chaki haikugusa ukuta.

Mchezo wa mpira ulipoteza pointi nyingi kwa sababu watazamaji wa uwanjani mwake wanapiga kelele zilezile, timu ifunge au ifungwe. Ule wa magari ulipata kumi na saba, ukawa juu ya yote. Wenye pikipiki wa njia ya Kabambare walisema aliyeutengeneza lazima aliwahi kuanguka kwenye matope, kwa jinsi gari linavyoteleza mvua ikinyesha. Ishirini hukuikubali kwa mchezo wowote. Ulisema ishirini haipo.

Kisha ukaja ule wa vita. Papa Idi, mfanyabiashara wetu wa diski, ndiye aliyeuleta kutoka Bukavu, na alijisifu nao kama vile ameuzaa yeye. Msitu wake ulikuwa mzuri mpaka watu wa nyuma wakasimama ili wauone. Shabani, yule mwendesha pikipiki wa Wamaza, alicheza mpaka akashindwa. Ukampa kikombe. Alikunywa, akakaa nacho mikononi.

"Kwa macho iko muzuri sana," alisema mwishowe. "Lakini mutu anakufa mu kijiji, na hakuna mwenye analia. Tatu."

Hukumuuliza zaidi. Sote tulijua Shabani alizika nani na nani miaka ile ya vita. Uliandika tatu, ukakandamiza chaki mpaka ikavunjika.

Sasa sikiliza vituko vya Papa Idi. Alikuja wiki iliyopita, mchana, chumba kimejaa. Hakunipa hata pole. Alinionyesha simu yake: wapimaji wa ng'ambo, wale wanaoandika juu ya michezo, wameupa mchezo wa vita tisa juu ya kumi, wengine kumi nzima. Alisema sehemu ya pili imetoka, ataileta hapa Kasongo, na anaona aibu kuuza kitu ambacho ukuta wetu umekipa tatu. "Andika kumi na nane," alisema. "Ukikataa, utatafuta mwingine wa kukuletea diski. Amisi ameshakufa, haone."

Yaya, damu ilinipanda. Haone! Mimi je, nimekuwa kipofu?

Siwachukii wale wapimaji. Nimeyasoma maneno yao kwenye simu ya Papa Idi, na wanajua kazi. Wanajua mwanga, wanajua sauti, wanajua ni wapi mchezo unagandaganda. Lakini wanaupokea kabla ya watu wengine, na wanakimbizana kuandika kabla ya mwenzao. Kila mmoja anacheza peke yake kwake, na umeme haumkatikii. Hakuna aliyekaa ubavuni mwa Shabani. Wakitoa tisa, hiyo ni tisa yao. Kwa nini niibandike juu ya tatu yetu?

Nilimwambia Papa Idi kwamba ukuta una sheria. Acheze, ashindwe, anywe maji, aseme. Akisema kumi na nane na sababu yake, nitaiandika chini ya ile tatu kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Akavua koti, akaketi kwenye kiti chako.

Nitakuwa mkweli, niliogopa. Sheria ni sheria, na kama angekuwa na sababu ningeandika. Alishindwa haraka, vidole vyake vinajua kushika diski tu. Nikampa kikombe. Akanywa yote. Akasema, "Kumi na nane."

"Sababu, Papa?"

Alitazama simu. Akatazama dari. "Sababu kule inje wote wamesema vile."

"Wao wameona. Weye umeona nini?"

Kucheza alikuwa amecheza, lakini hakuona hata jani moja. Nikaweka chaki mfukoni mbele yake. Akaondoka na mfuko wake wa diski, akaapa kwamba sitaona mchezo mpya mpaka nizeeke. Sawa. Tutacheza ya zamani. Shabani alikuwa mlangoni, aliingia tu akanisaidia kupanga viti.

Jana ilikuwa arobaini yako. Baada ya dua watu walianza kukusifu. Amisi hakuwahi kukosea mtu. Amisi hakuwahi kukasirika. Nilikaa nikijiuliza ni Amisi gani huyo, mbona simjui. Kila aliyesimama alisema alichokisema aliyemtangulia. Walinikumbusha Papa Idi na simu yake.

Nikaingia kwenye chumba chako, nikarudi na kikombe. Nikanywa maji mbele ya wote. Nikasema kifo chako kimetushinda sisi wa nyumba hii, kwa hiyo kupima ni kazi yetu. Nikakupa kumi na sita. Sababu: ulikuwa unacheka mno ukishinda, na siku ile nilikuambia mvua inakuja, usiondoke, ukaniambia mimi ni mwoga. Nne zote nimekukata hapo. Bado nina hasira, hata maji hayakuiondoa.

Watu waliguna. Shangazi mmoja akavuta kitenge changu niketi. Lakini Mama alinyoosha mkono, akataka kikombe. Alikunywa polepole, akajifuta mdomo.

"Makumi mbili," alisema.

Yaya, wewe mwenyewe ulisema ishirini haipo. Na mimi nilikuwa nimemfukuza tajiri wa diski kwa ajili ya sheria hiyohiyo. Sikuweza kumhurumia hata Mama. Nikauliza.

"Sababu, Mama?"

Alinitazama kwa ukali, machozi yakimtiririka mpaka kwenye shingo.

"Hauone vile niko nalia?"

Shabani ndiye aliyeleta chaki. Nimeandika jina lako chini kabisa ya ukuta, na kumi na sita yangu, na ishirini ya Mama pembeni. Juu yake iko ile tatu. Atakayetaka kufuta chochote hapo atacheza kwanza, atashindwa, atakunywa, na mimi nitamuuliza ameona nini. Nakuahidi hivyo, hata wote waje siku moja.

Lala salama, kaka yangu. Naenda kufungua mlango, wameshaanza kugonga.

Mdogo wako,
Mwamini