Maji Yetu Yako Kwenye Bustani ya Watu

Juu ya Kwa Sadala,
Jumatatu

Dada yangu Modesta,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Mikorosho mmeshaipulizia dawa, au mnamsubiri tena yule kaka yetu asiyeamka? Sisi huku miili ni mizima. Upendo yuko darasa la tano na nadhani sasa amekupita kwa urefu, na ng'ombe amezaa ndama jike. Habari njema ndizo hizo, zimeisha. Barua hii nampa mwalimu wa Upendo anayekuja likizo Masasi, maana kwenye simu siwezi kusema kitu. Nikipiga, nyumba nzima inatega sikio. Kama unamsomea mama, ishia hapa. Yanayofuata ni yako.

Dada, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Unakumbuka nilikuambia maji ya mfongo yamekatika? Ule mfereji wa wazee unaotoka msituni, unapita nyuma ya jiko letu, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia migomba. Zamu yetu ni Jumatano. Kuanzia kiangazi hiki, Jumatano ikifika tunapata tope. Sasa mimi niliyebeba ndoo na wewe kutoka bondeni Newala tangu shingo haijakomaa, nikae niangalie migomba ikijikunja? Mume wangu Aminieli alikuwa mlimani na watalii. Nikachukua jembe, nikapanda mpaka kwenye banio, pale maji yanapotoka mtoni kuingia mfongo, nikazibua majani na mawe. Sikujua kwamba mwanamke hafiki kwenye banio. Miaka kumi na miwili nimeolewa huku na hakuna aliyewahi kufungua mdomo kuniambia!

Wazee wakaniita. Wakasema maji yamekimbia kwa sababu yangu. Nikawaambia jamani, yalikatika kabla sijapanda, ndiyo maana nikapanda. Nani amsikilize kyasaka? Ndivyo wanavyotuita sisi tusio Wachagga. Mama mkwe akasema mbele za watu, "Nilimwambia huyu mtoto aoe nyumbani." Wakanitoza mbege, ile pombe yao ya ndizi, ya kusafisha banio, pipa zima. Nikaivisha ndizi zile zile zilizonyauka, nikaotesha ulezi, nikapika, macho yamejaa moshi. Aminieli, ambaye ni katibu wa kamati ya mfongo, ndiye aliyeshika kata akanywa wa kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa. Akafuta mdomo. Akasema, "Wazee, mpokeeni." Tangu siku hiyo kina mama wa jumuiya wakienda kukata majani ya ng'ombe hawaniiti tena.

Basi sikiliza sasa.

Huko juu kuna nyumba ya zamani ya mlowezi wa kahawa, ya mawe, na bustani kubwa. Mwekezaji ameikarabati, wageni wanakuja kupiga picha na kunywa chai. Aminieli amepata kazi pale ya kuwatembeza. Jumamosi, siku tisa zilizopita, ilikuwa siku ya familia za wafanyakazi. Alivyokuwa anajidai! Alimpigia pasi mama yake kitenge kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilibeba kiburu cha ndizi na maharage kwenye hotpoti, Upendo kavaa gauni la kipaimara la binamu yake, tukapanda.

Ni pazuri, sikudanganyi. Mawaridi ya kila rangi, nyasi laini kama zulia, na katikati chemchemi ya kujengwa inarusha maji juu halafu yanaanguka bure. Mama mkwe alisimama pale akasema, "Mae! Maji yote haya yanafanya nini?" Aminieli akacheka, akasema ni ya kupendezesha macho. Nyasi zimelowa mpaka viatu vyangu vikazama. Moyo wangu ukaanza kuuliza maswali, lakini nikajiambia Tekla nyamaza, leo ni siku ya watu.

Tukaingia barazani kuona picha za zamani. Mlowezi na mbwa wake, mlowezi na farasi wake. Pembeni, ndani ya fremu nzuri yenye kioo, kuna karatasi mpya yenye mhuri. Mama mkwe hakuja na miwani. Akamwambia Upendo, "Hebu nisomee hiyo, mjukuu wangu." Mtoto naye akasimama wima akasoma kwa sauti ile ya shuleni: kamati ya mfongo inaridhia bustani ipate maji, na bomba litafukiwa hapo hapo chini ya banio. Akafika mwisho. "Bibi, jina la baba hili! Baba ndiye amesaini!" Amefurahi, maskini, anadhani ni cheti.

Nikasogea nikaangalia tarehe. Modesta, ilikuwa wiki tatu kabla mimi sijapanda kwenye banio. Alijua! Wakati nimesimama mbele ya wazee kama mwizi wa kuku, alijua maji yako wapi. Wakati anafuta mdomo, alijua.

Nilimuuliza pale pale, mbele ya wafanyakazi wenzake, "Aminieli, mbege yangu ilikuwa ya nini?" Akasema, "Tutaongea nyumbani." Mama mkwe alikaa kwenye benchi na sahani ya wali mapajani, hakugusa hata punje.

Nyumbani akaongea kweli. Eti hakudhani watachukua mengi. Eti kazi ya mlima inavunja magoti na yeye si kijana tena. Eti wazee wengine walikubali kwa mdomo tu, na angesema siku ile wangemruka. Nikamwambia kazi ungeniambia tungeitafakari wote, lakini wewe ulinivua nguo mimi ili ujifunike. Jumamosi kuna kikao cha mfongo, wanawake hawaingii, utakwenda kusema mwenyewe. Akasema sawa.

Juzi akaenda. Akarudi. Nikamuuliza, umesema? Akasema wamekubaliana kumwandikia mwekezaji barua, mambo yaende taratibu. Na mimi je? Jina langu je? Unajua alichonijibu? "Hilo halikuwemo kwenye ajenda." Wallahi dada, nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini taratibu nikatoka nje, maana ningempiga.

Jana baada ya ibada, saa sita mchana, mama mkwe akaja jikoni kwangu. Alikuwa bado na kitenge cha kanisani, na majembe mawili. Sijawahi kumwona akija kwangu bila kutuma mtoto kwanza. Akasema, "Nami niliinywa ile mbege. Twende." Nikamuuliza wapi. Akasema, "Unapajua wewe, mimi sijawahi kufika."

Tulipita katikati ya kijiji, yeye mbele. Watu walikuwa wanarudi kutoka kanisani, wakasimama barabarani wanatuangalia. Mzee mmoja wa kamati akaita, "Mama Aminieli, huko hamruhusiwi!" Hakugeuka. Akamjibu kwa Kichagga, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisikie: "Andaeni pipa la kututoza wote wawili. Mwanangu atapika."

Tukalifukua lile bomba tukaling'oa. Ana miaka sabini na moja, na alichimba kunishinda mimi.

Nisalimie mama, na shangazi mwenye duka la chumvi, na mumeo shemeji yangu, na yule kaka yetu akiamka. Mama mkwe anawasalimu wote. Amenituma niandike hivyo, na kwamba akija huko atalala kwako. Aminieli hajui kama naandika. Maji yanapita nyuma ya jiko sasa hivi, nayasikia, na leo wala si Jumatano. Yeye yuko nje anaosha ulezi. Hajawahi kupika mbege maishani mwake, na simwelekezi.

Mdogo wako,
Tekla