Kurasa Ulizozibana

Kathonzweni, shuleni
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Dada Mumbua,

Nakusalimu kutoka huku, ambako jua limewaka mpaka hata kengele ya shule inalia kama imechoka. Mgongo wako u hali gani? Mama aliniambia kwamba siku hizi unashona sare za shule tatu kwa pamoja na cherehani hailali. Natumai bado unapanda ngazi kule Wote, juu ya duka la dawa za mifugo, kwenda kwa mwalimu wako Ciku, maana bila yoga yake ungekuwa umepinda kama ndoana. Mimi ni mzima, au niseme sasa ni mzima. Hilo neno “sasa” ndilo limenifanya nichukue kalamu. Simu ya matroni ina foleni, na mambo haya siwezi kuyasema wasichana ishirini wakiwa wamesimama nyuma yangu.

Ni kuhusu lile daftari ulilonipa Desemba. Unakumbuka ulikuwa umezibana kurasa zote kwa stepla isipokuwa ule wa kwanza. Ulinielekeza nikae kimya dakika kumi asubuhi na kumi alasiri, nikilirudia moyoni lile neno lisilo na maana, basi. Ukurasa wa pili ningeufungua baada ya muhula mzima, na wa tatu baada ya muhula mwingine, kwa kuwa Ciku alikufundisha kwamba kitu kipya huongezwa pale tu kile cha zamani kinapokuwa cha kawaida kama kufagia. Ukaniambia nikisikia joto la ajabu mwilini, au usingizi ukinikimbia, nirudi nyuma, nitembee uwanjani, nile muthokoi nishibe. Niliitikia vizuri sana.

Wiki ya tatu ya muhula nilizing’oa pini kwa ncha ya bikari. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Unajua huku silabasi ya kidato cha nne huanza kufundishwa tukiwa bado cha tatu, ili mwaka wa mwisho uwe wa marudio tu. Niliona kwamba nami nikilimaliza daftari mapema, nitakuwa na muda wa kurudia. Tafadhali usinijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mwalimu Mutie ametuandikisha insha hiyo mara tatu.

Mahali pangu pa kukaa ni stoo ya madawati yaliyovunjika. Naitumia pamoja na Farhiya wa kitanda cha jirani, ambaye babake hununua mbuzi kule kwetu Mutomo. Yeye husali alasiri upande wa dirishani, mimi hukaa upande wa ukutani. Siku ya kwanza alinitazama, akasema nimekaa kama kuku anayeatamia, akauliza vifaranga vitatoka lini. Baada ya hapo hatukusumbuana.

Ukurasa wa pili, ule wa kuipandisha pumzi polepole kwenye uti wa mgongo, niliumaliza kwa siku sita. Joto lilinipanda kutoka kiunoni hadi kisogoni. Usiku nililala kwa muda wa saa mbili tu na sikuchoka, na kwenye hesabu nilipata themanini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikajiambia kwamba Ciku huwachelewesha watu kwa sababu wanafunzi wake ni watu wazima wenye migongo mibovu.

Wa tatu ni ule wa kushika pumzi. Uliandika nihesabu mpaka tano. Mimi nilianza na kumi, na siku ya tatu nikafika ishirini. Siku hiyo, pumzi yangu ikiwa imesimama, nilisikia mtu mwingine akipumua.

Ilitoka upande wa mlango. Farhiya alikuwa uwanjani kwenye mpira wa pete na mlango ulikuwa umefungwa. Ilivutwa kwa shida, kama bati linaloburuzwa juu ya changarawe, kisha mwishoni ikagonga kidogo kama kifuniko cha sufuria. Dada, wewe ulilala chumba kimoja na kifua hicho miaka mingi kuliko mimi. Kokoto zote alizoponda Baba zilikuwa ndani ya sauti ile. Sikuogopa. Niliachia pumzi ili nigeuke, na papo hapo ikakoma.

Ndipo nikajua mambo yalivyo. Nikipumua, simsikii. Nikishika, yupo.

Basi nikaongeza. Thelathini, arobaini. Nikafungua na ukurasa wa nne, ule wa kugeuza macho juu yakiwa yamefumbwa, nikauchanganya na wa tatu. Kila nilipoongeza, alisogea. Kutoka mlangoni alifika kwenye dawati la tatu, lile lisilo na mguu. Wiki iliyofuata alikuwa nyuma ya bega langu, na nywele za kisogo zikawa zinatikisika.

Nilidhani ni akili yangu, mpaka alasiri moja Farhiya alipomaliza kusali. Alikunja mkeka wake bila kuniangalia, akatoka. Jioni kwenye foleni ya chakula aliniuliza yule mzee mwenye kifua ni nani, na kwa nini ninamruhusu aingie mahali pa wasichana. Nikamjibu hakuna mzee. Akasema sawa, lakini mzee huyo anahitaji hospitali, kwa maana kila siku anapumua polepole kuliko jana.

Hilo nilikuwa nimelitambua, ila sikutaka kulisema. Alikuwa anapunguza, vile vile kama siku ile ya Agosti aliyotuacha. Nikajua kwamba nikishika kwa muda wa kutosha, nitamsikia mpaka mwisho.

Ijumaa nilifika sitini. Ile pumzi ya nyuma yangu iliingia, ikagonga, haikutoka. Nilingoja. Nilipotaka kuachia yangu, Dada, sikujua ipi ni yangu. Niliitafuta kama mtu anayetafuta kiatu chake gizani na kugusa cha mwenzake. Kisha nikalowa. Farhiya alikuwa amenimwagia birika zima la maji ya kutawadhia na ananipiga mgongoni kwa ndala. Alisema midomo yangu ilikuwa ya rangi ya daftari la buluu. Alisema pia kwamba bomba liko kule jikoni na birika linalofuata nitalichota mimi. Alikuwa analia alipokuwa akisema hivyo.

Matroni alidhani ni malaria, akanirudisha nyumbani wiki moja. Nilikwenda na Mama mtoni kuchota maji. Mto umekauka, tunachimba mchangani. Nilichimba kwa nguvu ili nipate kina haraka, na kuta zikaporomoka, zikafukia hata yale machache yaliyokuwa yameanza kujikusanya. Mama aliuliza ninafukuzwa na nani. Alikaa chini, akaanza upya kwa kibuyu, akitoa mchanga kiasi cha kiganja na kungoja. Tulikaa hapo nusu saa kabla ya maji kutokea. Nilishindwa kumwambia. Kwa hiyo naanza na wewe.

Siku Baba alipofariki niliwaambia nyote kwamba nilikuwa nimetoka kumtafutia maji ya moto ya chai. Si kweli. Nilikuwa kwenye kiti kando ya kitanda chake. Asubuhi hiyo aliniomba nimsomee kwa sauti kitabu changu cha jiografia, pale kwenye sura ya mito, kwa kuwa alipenda kusikia majina ya mito ya mbali isiyokauka. Wodi ilikuwa imejaa watu. Niliona haya. Nilimwambia baadaye, nikasoma kimyakimya. Nilikuwa katikati ya ukurasa niliposikia kwamba kuna ukimya, na sijui ulikuwepo kwa muda gani. Nilimaliza sentensi kabla ya kuinua macho. Hata hilo nililifanya. Ulipofika jioni na kuniuliza kama aliita mtu, nilisema sikuwepo. Nilikuwepo, Dada. Jibu ni kwamba sijui.

Kwa hiyo sikuwa nakimbilia silabasi, ingawa nimeandika hivyo hapo juu. Nilitaka nisikie ile pumzi ya mwisho niliyoikosa.

Tangu nirudi shuleni nimeanza tena ukurasa wa kwanza. Dakika kumi, neno lile tu, kisha natembea uwanjani mara mbili, na Farhiya ananitazama nikila kama askari jela. Sishiki pumzi. Siku za kwanza nilisikia yangu peke yake ikiingia na kutoka, na ilikuwa upweke mkubwa. Sasa nikimaliza kukaa, naufungua ule ukurasa wa mito na kuusoma kwa sauti, ukurasa mmoja tu kwa siku. Farhiya anasema nisome polepole, mzee ameketi mlangoni na hapumui kwa shida tena. Sijageuka kuangalia.

Daftari nimempa Salat, ami yake Farhiya, anayepeleka mbuzi mjini Wote kesho kutwa. Nimelibana upya kwa stepla ya Mwalimu Mutie. Lakini kabla ya kulibana niliona kitu chini ya ukurasa wa nne. Uliandika kwa penseli, kisha ukafuta, ila ukiuelekeza ukurasa kwenye mwanga bado maneno yanasomeka: “Hamsini. Amefika dirishani.” Tarehe ni ya Novemba.

Sikuulizi ulikuwa unamngoja nani. Nakuomba tu upunguze, urudi ukurasa wa kwanza pamoja nami. Wewe dakika kumi huko, mimi dakika kumi huku, saa kumi alasiri. Na siku utakapokuwa tayari, uniandikie.

Nisalimie Ciku, nawe ule ushibe. Farhiya anakusalimu, ingawa hamjuani, na anauliza kama ukoo wetu wote ni kuku.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Wayua Mbaluka