Siku Nilipomwacha Mgoa Garini

Darajani, Unguja
Mwezi wa Shaaban

Kwa mke wangu Zuhura binti Salum,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute umzima, goti la mama mkwe limetulia, na paa la jikoni halivuji tena. Kama bado linavuja, mwambie shemeji yangu Bakari kwamba makuti hayapandi juu yenyewe. Nataka kujua pia kama siku hizi unapata usingizi, maana barua yako ya mwisho ilisema unalala nusu nusu. Na mimi nilitaka kuandika kwamba ni mzima, nikaizuia kalamu. Mwili ni mzima. Lakini tangu juzi nimepigwa na butwaa, naitwa mara mbili ndipo naitika, na leo asubuhi chai nimeitia chumvi nikainywa yote bila kujua. Basi niache nikuhadithie, huenda nikimaliza akili itarudi mahali pake.

Shauri lenyewe unalijua. Tajiri wangu, Bwana Hassanali mnunuzi wa mbata, aliuza ng'ombe wake pamoja na gari nililokuwa nikiliendesha, akanunua lori. Akaniambia kwamba kwa kuwa nimemtumikia vizuri na ng'ombe, kiti cha dereva ni changu nikipata leseni. Pamoja na kiti kuna chumba nyuma ya ghala, chenye mlango wake na maji karibu, chumba cha mtu kumweka mkewe. Nisipopata leseni, kuna dereva mwingine keshapiga hodi, na mimi nifunge mkeka wangu. Na baba yako naye keshasema kwamba Ramadhani hii haitakukuta unangoja mume wa barua: ama nikuweke ndani kwangu, ama nikupe talaka yako. Simlaumu, mwenye binti ana haki ya kuuliza. Lakini ujue kwamba kila nilipopanda lile lori nilipanda na wewe, na baba yako, na chumba chenyewe, sote tumebanana kwenye kiti kimoja.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudi, dereva wa siku nyingi, mtu wa Ng'ambo, ulimi wake pilipili. Tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri kwenda njia ya Mtoni, kabla wachukuzi wa mboga hawajajaa barabarani. Siku ya kwanza alinitazama nilivyokaa, akaniambia samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nshakauka, ila atanikunja hivyo hivyo, na nikikatika shauri yangu. Nilimwambia nimeendesha gari tangu yeye ana meno. Akasema gari la ng'ombe huendeshwa na ng'ombe, mwenye gari ni abiria tu. Nilikasirika, lakini baadaye niliona kweli. Ng'ombe wangu walikuwa wakiijua njia. Mara ngapi nilisinzia nikajikuta mlangoni kwa ghala? Lori halijui kitu, Zuhura. Ukilielekeza ukutani linakwenda ukutani, tena kwa moyo mmoja.

Kujifunza nilijifunza. Tukiwa wawili tu na Sudi, nilikuwa nabadilisha gia vizuri mpaka yeye mwenyewe ananyamaza, na Sudi kunyamaza ni sifa. Balaa ni mtihani. Anayetahini ni Mgoa mmoja mwembamba, mkaguzi, nguo zake zimepigwa pasi mpaka zinakata. Hasemi ila "kulia", "kushoto", "simama". Akishapanda akakaa ubavuni mwangu na ubao wake wa kuandikia, mimi si mimi tena. Mikono inalowa, goti la kushoto linacheza ngoma, na tumbo ndilo linaloanza kuendesha.

Mara ya kwanza aliponiambia "simama", niliushika usukani kwa mikono miwili nikauvuta kifuani, nikapiga kelele "hoo!" kama ninavyowasimamisha ng'ombe. Lori likaendelea na safari yake mpaka kwenye matenga ya machungwa ya watu. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila machungwa yaliumia. Mgoa alishuka, akapangusa suruali, akasema nirudi siku nyingine. Sudi alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, akaniuliza mbele ya kadamnasi, "We Athumani, ulikuwa unalivuta pembe?"

Mara ya pili sikuvuta kitu, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Nilisimama kwenye kijilima, nikasahau breki ya mkono, lori likarudi nyuma pole pole, mimi nimetoa macho mbele nikidhani ni nyumba ndizo zinazosogea. Mgoa aliivuta mwenyewe. Tajiri alipopata habari hakunigombeza. Aliniambia kwa upole kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho, na upole wake uliniogopesha kuliko matusi.

Basi kabla ya hiyo ya tatu nilikwenda kwa mwalimu, akaniandikia kombe kwa zafarani, akaliosha kwa marashi nikalinywa lote. Sudi aliposikia alisema kombe ni dawa ya moyo, wala halikanyagi klachi. Nikamjibu kwamba klachi naijua, moyo ndio usiojua.

Siku yenyewe ikafika. Tulitoka Darajani mimi na Mgoa, tukashika njia ya Mtoni. Nilikuwa nikitokwa na jasho mpaka miguu inateleza, na gia ya pili niliikwaruza ikalia njia nzima. Nikamwona anaandika. Kila akiandika mimi nakiona kile chumba cha nyuma ya ghala kinapewa mtu mwingine. Tumepita nyumba za mwisho, mara likatokea jeneza kwenye kichochoro, likaingia barabarani mbele yetu.

Zuhura, unajua kwetu jeneza linavyokwenda. Hukai nalo begani, watu wanakupokonya, kila mmoja ataka thawabu yake, na wenye maduka wanatoka mbio viatu mkononi. Hili halikuwa na wa kulipokonya. Waliolifuata hawakuzidi waliolibeba. Mbele upande wa kulia alikuwapo mzee mfupi kuliko wenzake, jeneza limemlalia, naye anakwenda anapepesuka huku tahalili imemkauka kooni. Nilimtazama yule mzee. Nikukumbushe tena kwamba nilikuwa katika mtihani wa mwisho. Mimi sikukumbuka.

Nilishuka. Sijui nilishukaje. Ninachokijua ni kwamba nilifika kwa yule mzee, nikaingiza bega langu mahali pa lake, naye akaniachia. Na kwa kuwa hakukuwa na wa kunipokea, nilikwenda nalo mpaka makaburini. Huko nako watu wa kutia udongo walikuwa haba, basi nikakunja kanzu nikashika jembe. Kazi niliifanya vizuri, mikono haikutetemeka hata kidogo, na wala sikuuliza nani tunamzika. Nilisahau lori, nikasahau Mgoa, nikakusahau na wewe, nisamehe. Nimekaa na hofu ile miezi mingi, na ilipoondoka sikuiona ikiondoka.

Kisha mwalimu wa kule makaburini akakaa kichwani kwa kaburi kumsomea maiti talkini. Akaanza, "Ewe Feruzi, mwana wa..." akanyamaza, akainua uso kututazama, akatuuliza jina la mama wa marehemu. Tukatazamana. Mmoja akasema alikuwa hamali wa bandarini, katoka bara zamani, kapanga chumba peke yake, kaugua peke yake. Mwingine akasema aliwahi kumsikia akitaja kwao, lakini ni wapi hakumbuki. Mwalimu alingoja kidogo, kisha akaendelea, "Ewe Feruzi, mwana wa Hawa."

Ndivyo wanavyosomewa wasiojulikana mama zao, wanatiwa kwa mama yetu sote. Nilikuwa nimesikia habari hiyo chuoni nikiwa mdogo. Kuisikia ikisomwa kwa mtu niliyembeba begani ni jambo jingine. Nilikufa ganzi.

Tulipokuwa tukipangusa mikono, yule mzee mfupi akaniuliza, "Bwana, lile lori njiani si lako? Maana yule Mgoa wako huyoo."

Niligeuka. Mgoa alikuwa amesimama pembezoni mwa makaburi, kofia mkononi, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Nikatia mkono mfukoni, na mle mfukoni nikaugusa ufunguo wa lori. Masikini wa Mungu, hata angetaka kuondoka na kuniacha asingeweza.

Nilimwendea kama mtoto anayekwenda kuchapwa. Alinyoosha kiganja, nikamtilia ufunguo, tukaanza kurudi barabarani. Katikati ya njia akauliza, "Ni ndugu yako?"

Nikamwambia, "Simjui, bwana."

"Kwa nini umeshuka?"

"Walikuwa wachache."

Tulipofika kwenye lori aliutazama ule ufunguo, kisha akanirudishia akaniambia niendeshe mpaka kituoni.

Niliendesha. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu nilijua yameshamwagika, basi nikaendesha kama mtu anayerudisha mali ya watu. Nilitoa mkono nje nilipokata kona, nikawangoja wanawake wavuke na vikapu vyao, nikarudi kinyumenyume baina ya magari mawili kituoni sikugusa hata moja. Goti la kushoto lilikuwa limelala. Nilikuwa nikimfikiria Feruzi, na nikifikiria maneno ya kukuandikia wewe, nikaona hakuna neno hata moja linalofaa.

Ndani ofisini, chini ya picha ya Sultani na ya Malkia, alinisimamisha akanisema kwa Kiswahili ambacho sikujua kwamba anacho. Kumwacha mkaguzi garini ni utovu wa adabu, alisema, na katika kazi yake yote hajapata kufanyiwa hivyo. Nikasema ndiyo bwana. Halafu akavua miwani. "Kuliacha lori, umeliacha vizuri," akasema. "Umetazama kioo. Umetoa mkono. Umeegesha pembeni kabisa, umevuta breki ya mkono, umezima injini. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nimeona yote." Akapiga muhuri, akanisukumia karatasi.

Sikuichukua. Nilidhani ni karatasi ya kushindwa, na hiyo naijua, ninazo mbili. Ilibidi karani aje anishikishe mkononi na kuniambia nitoke nje wengine waingie. Zuhura, nimepata leseni. Naiandika hapa nione kama nitaamini, na bado.

Sudi nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa baraza. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza jina la maiti, akanyanyua mikono kumsomea Fatiha. Tajiri amenipa chumba jana. Nimekifagia, nimepaka chokaa, na kitanda cha kamba nimekiagizia.

Nisalimie baba mkwe, umwambie jibu lake analo kabla ya mwezi kuandama, na simsemi kwa ubaya. Nisalimie mama mkwe, asitie goti katika maji baridi. Shemeji Bakari nisalimie, na makuti. Shangazi aliyekuja kukuposa kwa niaba yangu mwambie simsahau, na mwalimu wangu wa chuo mwambie leo ndiyo nimeelewa alichonifundisha nikiwa nimesinzia. Na jirani yetu mfinyanzi, ambaye hunisomea dua kila Ijumaa, mwambie zimefika.

Nilikuwa nimepanga kwamba siku nitakayoipata leseni nitakuandikia barua ya mzaha na kicheko. Utanisamehe, haikuja hiyo. Nilipokuwa nikitia udongo niliwatazama wale watu wachache, na tangu hapo nimekuwa nikiwahesabu watu wangu wa Unguja, mmoja mmoja, tajiri, Sudi, majirani wa ghala, ninaosali nao safu moja. Wananipenda, sisemi hawanipendi. Lakini hakuna hata mmoja anayejua kwamba marehemu mama yangu aliitwa Tatu binti Shomari. Hawajapata kuniuliza, nami sikupata kuwaambia.

Unayemjua ni wewe. Panda meli ya kwanza utakayoipata, mke wangu, uje.

Mumeo,
Athumani bin Mfaume,
mwana wa Tatu