Mzee, Mtoto Wako Yuko Wapi?

Swahiba, leo nimetolewa chumba cha watoto kule maktabani. Mimi, na mvi zangu hizi!

Nilikaa pale pale marehemu mke wangu alipokuwa akinifundisha kusoma. Mlinzi akaja, akainama: "Mzee, mtoto wako yuko wapi?"

Mtoto wako yuko wapi! Ananiuliza mimi, nawe unajua mimi na marehemu tulivyohangaika kumtafuta huyo mtoto, tusijaliwe.

Nikamjibu, "Mtoto ndiye mimi." Akacheka kidogo, kisha akasema ni amri mpya. Mtu mzima asiye na mtoto haingii, maana juzi kuna mtu alimsumbua binti wa watu mle.

Sawa, walindwe. Hata mimi ningemkaba huyo mshenzi. Lakini hao wakubwa wanaotunga amri wakiwa ofisini, hawajawahi kuona mtu anayefuata herufi kwa kidole? Kina mama wakawavuta watoto wao wakinitazama. Wakinitazama mimi!

Mlinzi akanipeleka ghorofani, kwa watu wazima wenzangu. Vitabu vya huko herufi zake kama sisimizi. Nikashika gazeti tu, nisiaibike.

Na kitabu chetu cha kobe hatukukimaliza. Marehemu aliniachia pale kobe anapobisha hodi mlango wa mwisho. Mpaka leo sijui kama alifunguliwa.

Wewe Jumamosi si unabaki na mjukuu? Niazime. Nitamrudisha mzima, kabla ya chakula, na nitamsomea polepole.

Mwambie tu, tukifika mlangoni, aniite babu.