Maji Matamu ya Kisima cha Baba

Mdogo wangu Mbeleje, mbukwa!

Niko Nzuguni kwa mwanetu Neema, upepo unatujaza vumbi hadi kwenye ugali. Dada yako nimeona makubwa: mtoto niliyemzaa mimi anawasha taa kwa tope! Anasema humo mna vijidudu vinavyotoa umeme. Nikawaambia wenzake wa maabara, "Huyu kanyonya hapa!"

Maji ya huku yana chumvi, basi nilimletea dumu la maji ya kisima alichochimba Baba, yale matamu. Hakunywa. Aliyapeleka maabara, jana akarudi macho mekundu. "Mama, yana vijidudu vya chooni." Nikamtania, "Si utawashia taa?" Hakucheka. Ndipo nikamkumbuka mwanangu Yona, alivyoharisha tukadhani ni malaria, tukawa tunamnywesha vidonge kwa maji yale yale mpaka akatuponyoka.

Chemsheni maji, mdogo wangu, msichoke. Mungu awafunike nyote. Ila kadi hii usimsomee Baba yote. Mwambie tu kwamba Neema kasema maji yaliyochemshwa yatamtuliza kifua kinachombana, umwache aendelee kuwasifia wageni kisima chake.

Dada yako akupendaye,
Mama Neema