Mwisho wa Reli ya Baba

Kijiji cha Ujamaa,
Mwazye, Sumbawanga.
15 Novemba, 1976

Mpendwa kaka Zenon,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Atuganile pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo, ila Mama miguu inamsumbua tangu baridi ya Julai, na macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wameanza kupanda. Utaona sijakuamkia. Sijasahau adabu, nitafika huko.

Mama ndiye aliyeniagiza nikuandikie kukushukuru. Amekaa hapa karibu yangu anachambua maharage kwa vidole, na kila nikinyanyua kalamu ananiuliza kama nimeshaandika kwamba anakuombea. Basi nimeandika. Anakuombea.

Haya yafuatayo unayajua, lakini nataka uyasome kwa mkono wangu. Baba na wenzake ndio walioitandika reli ile ndogo, wakati wa yule mzungu wa mbao, kutoka msituni hadi kwenye mashine ya kupasulia magogo kando ya mto. Ilikuwa nyembamba, mtu aliivuka kwa hatua moja. Siku toroli la magogo lilipokatika breki mteremkoni liliwaua wenzake, wakazikwa palepale kando ya njia. Mzungu akaondoka na mashine yake, Baba akabaki na reli. Kila mwaka ilipokaribia Siku ya Marehemu Wote aliifyekea nyasi na kubadilisha mataruma, yale magogo ya chini ya vyuma, yaliyoliwa, na majirani wakamcheka kwamba anangoja treni ya kwenda mbinguni. Alipougua aliomba azikwe pale reli inapokoma, kichwa kikielekea chuma cha mwisho. Msalaba wa mti hakuutaka, alisema mchwa wa Ufipa hawana dini.

Tulipohamishiwa kijijini na nyumba za zamani zikabomolewa, wanunuzi wa vyuma chakavu walianza kupita kwenye mahame wakizoa kila kitu. Ndipo Mama alipopata akili ile. Shamba la kule tuliendelea kulilima, kwa hiyo msimu wa kufanya matuta ya ntumba ulipofika tulikata nyasi tukazilaza juu ya reli, tukazifunika kwa udongo, tuta baada ya tuta, kutoka mtoni hadi kwa Baba. Mfipa gani atafukua ntumba ya mwenzake? Watu wa vyuma walipita hapo wakaona maharage yanachanua. Majirani walitutania tu kwamba matuta yetu yamejipanga kama wanafunzi kwenye mchakamchaka, maana ya wengine hutawanyika shambani. Mama aliyafuata kwa fimbo yake hadi kaburini bila kushikwa mkono. Siri hiyo tulikuwa nayo Mama, mimi na wewe.

Ukaja mwezi wa Septemba na bwana yule wa suti ya Kaunda. Ulituambia ni mtu wa makumbusho, kwamba serikali sasa inathamini jasho la wananchi, reli itasafishwa, itapakwa mafuta na kurudishwa mahali pake chini ya paa la bati, na kibao chenye jina la Baba Theodory na wenzake. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikuomba tungoje mvua, wakati wa kuyatawanya matuta na kupanda ulezi, ukanijibu kwamba maendeleo hayangoji ulezi. Basi tukayavunja kwenye kiangazi, nyasi hazijaoza, na upepo ukachukua udongo tulioutafuta mwaka mzima. Wanawake wa kijiji walijitolea, wakaweka ngata vichwani na kubeba vyuma hadi kwenye lori huku wakiimba kama wanaopeleka bibi harusi. Mama alipiga magoti akampigia makofi mgeni wako, makofi yale tunayowapigia wakubwa, naye akaangalia saa yake. Kile chuma cha mwisho, cha kichwani kwa Baba, ulikitoa mwenyewe. Ulisema wanawake tusikiguse. Niliona ni heshima.

Tarehe mbili mwezi huu nilimpeleka Mama makaburini. Kaka, mahali pale hapatambulikani. Moto wa kiangazi ulipita, mvua ikaja ikasawazisha shimo la reli, nyasi mpya zimeota kila mahali sawasawa. Mama alivua viatu akawa anatafuta kwa unyayo, anasogea, anapapasa, anarudi. Akaniuliza tumefika wapi. Nilipoona anachoka nilimwambia ni hapa, akapiga magoti akasali. Sijui alisali juu ya nani, au kama palikuwa na mtu chini yake.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilipanda lori kuja kwako Sumbawanga mjini, nikuulize reli inarudi lini. Ulikuwa safarini. Wifi alinipokea vizuri sana, akanipikia wali na dagaa wa Kirando, akanikalisha kwenye baraza la nyumba yenu mpya. Nikainua macho kusifu paa. Nguzo zake ni reli, Zenon, na boriti zake ni reli, zimepakwa rangi ya kijani. Kwenye nguzo ya mlangoni niliona msalaba wenye mkia, alama aliyoichonga Baba kwa tindo kwenye kile chuma cha mwisho. Rangi haikuuziba. Wifi aliona ninaushika, akanieleza kwa furaha kwamba Mama ndiye aliyekupa vyuma hivyo kama urithi, alitaka jasho la Baba libebe nyumba yako, na akaniomba nimfikishie shukrani. Yeye simlaumu, umemdanganya kama sisi. Kisha bwana wa makumbusho akatokea uani na futi kamba mkononi, amekuja kupima dirisha. Ni fundi wako wa ujenzi. Aliniona akageuza njia.

Nilimaliza chai yangu, nikaaga. Njiani nililia hadi nikaona aibu mbele ya abiria. Umenisaliti, kaka, na si kwa sababu ya chuma. Ungeomba, Mama angekupa reli yote. Angebakisha kile kimoja tu.

Sijamwambia. Bado anaulizia lori la kurudisha, na kila likinguruma gari barabarani ananituma nikachungulie. Vyuma sivitaki tena, vimeshashikana na saruji na watoto wako wanalala chini yake. Ninachotaka ni wewe uje kabla nyasi hazijarefuka. Ulisimama pale ukiking'oa kile chuma cha mwisho, miguu yako inapajua kuliko yetu. Uje umshike Mama mkono, umwonyeshe kichwa cha mumewe kilipo, kisha umwambie mwenyewe reli iko wapi. Mimi sitamwambia kwa niaba yako.

Mama anakutumia maharage kwa mkono wa dereva Uledi. Ni yale tuliyovuna juu ya matuta ya reli, ametoa yote, hakubakiza hata ya mbegu, kwa jinsi anavyokushukuru. Msalimie wifi na watoto. Shikamoo yako ipo, kaka. Nimeiweka pale reli ilipokoma. Ukipaona, nitakuamkia hapohapo.

Mdogo wako,
Cornelia Theodory