Uso Uliokuwa Kwenye Plagini

Jumatatu, 3 Machi
Chai, halafu kompyuta. Ni moja tu hapa kwenye karakana yetu ya mtaa wa Jericho, wachonga mbao kumi na mmoja, kila mtu na akaunti yake. Mimi karani ndiye mwenye paswadi ya kuweka na kufuta programu. Vijana wamenisumbua wiki nzima juu ya plagini mpya, kiprogramu cha kuiongezea programu ya kuchora uwezo ili mashine ichonge nyuso vizuri. Ikaniuliza: niiweke kwa mtumiaji mmoja au kwa wote? Wote. Ile ya zamani nikaifuta. Nilikuwa na haraka.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Kioko, mmoja wa wachongaji, hauoni kwenye kompyuta mchoro wa marehemu mkewe. Tangu kiharusi mikono inamtetemeka, patasi haishiki tena. Uso huo aliuchora kwa mausi miezi minne, pole pole. Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu huko kwao Machakos, na msalaba wa kaburi unangoja uso huo uchongwe juu yake. Nimemwambia kompyuta inasumbua tu, asubiri. Uongo. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Nimejua. Wachongaji hawa hawatenganishi kazi na kifaa. Gogo hulala kando ya patasi yake, basi. Hata kwenye kompyuta wamefanya vivyo hivyo: michoro yote ndani ya folda ya plagini ya zamani. Nilipoifuta, ikaondoka nayo. Wenzake Mzee Kioko wana nakala kwenye flashi. Mzee hana. Nimekaa hapa miaka mitatu na sikuwahi kuwauliza wanaweka wapi kazi zao. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa kompyuta kutoka mtaa wa Mowlem amehangaika tangu asubuhi. Amerudisha michoro ya twiga wawili tu. Twiga! Picha zote za mke wa Mzee ziliungua na nyumba yao kule Mukuru, kwa hiyo hakuna pa kuanzia. Nimelia chooni. Nimeomba Mungu pia, kana kwamba Mungu anahifadhi mafaili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Mzee ukweli wote. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, na hiyo imeniuma zaidi.

Amenivutia kiti mbele ya kompyuta: "Mwende, wewe mikono unayo. Kaa hapo. Mimi nitasema, wewe uchore."

Tumechora kwa ile plagini mpya. Paji la uso, macho, mwanya wa meno. Alikuwa anasema haraka, karibu anatabasamu. Tulipofika kwenye kidoti cha shavuni akagusa shavu lake la kulia, halafu la kushoto.

"Kilikuwa upande gani?" akaniuliza.

Mimi sikuwahi kumwona mama huyo. Nikamwambia hivyo. Akasema nichague mimi.

Nimekiweka kushoto. Mashine inachonga sasa, na Mzee ameketi karibu nayo, anapangusa vumbi la mbao kwa kofia yake.